Aliyebakwa aanzie wapi: kituoni au hospitalini?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayenipata kwa njia ya gazeti, mazungumzo ya leo si ya kusemwa mbele ya sahani ya ubwabwa. Nawaomba radhi wazee, na wenye watoto wadogo karibu na redio wajue la kufanya. Ila sitalizungukia jambo lenyewe kwa mafumbo, maana mafumbo ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo.

Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji wa Mbagala. Ina mstari mmoja tu: "Mtu akibakwa, aanzie polisi au hospitali?" Swali hili niliwahi kuulizwa ana kwa ana miaka kumi na kadhaa iliyopita, na nikalijibu kwa kujiamini sana. Nililijibu vibaya. Kwa hiyo kabla sijamjibu mtu wa Mbagala, sina budi kusimulia.

Nilikuwa nimetoka chuoni si muda mrefu, na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nikisoma taarifa ya saa mbili usiku. Mtaani kwetu palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani, nami nilikuwa mteja wake wa kila siku. Jumatatu moja, saa kumi na moja alfajiri, akanigongea dirisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba nusunusu. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayesema redioni, wewe unajua sheria." Kisha akashindwa kuendelea. Ilichukua muda kuelewa kwamba anamzungumzia binti wa mdogo wake, msichana wa miaka 19 aliyekuja mjini kumsaidia kazi. Jumamosi usiku, kiasi cha saa tatu, alishikwa na mtu akitoka dukani. Shangazi alifanya kile ambacho kila shangazi mwenye huruma angefanya: alimchemshia maji, akamwogesha kwa mikono yake, akaloweka nguo zote kwenye beseni la sabuni, akamlaza. Jumapili nzima walikaa kimya. Jumatatu ndiyo akaja kwangu.

Nikamjibu bila kusita: "Mama, nendeni polisi kwanza. Bila PF3 hakuna hospitali itakayowapokea." Nilisema kama mtu anayesoma habari.

Walikwenda. Afisa anayehusika hakuwepo, wakaambiwa wasubiri. Fomu zilikuwa zimekwisha, wakatumwa kwenda kutoa nakala. Walipofika hospitalini jua lilikuwa linazama, na karani wa dirishani akapaza sauti kuuliza wenzake: "Huyu wa kubakwa anakwenda chumba gani?" Watu wote waliokaa kwenye mabenchi wakageuka. Daktari alikuwa ameondoka, wakaambiwa warudi kesho. Siyataji majina ya kituo wala ya hospitali hiyo. Wakati ule, mlango huo ungeukuta pengi.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikaenda nao. Tulizungushwa mpaka saa kumi alasiri, ndipo akatokea muuguzi mmoja wa makamo, mkunga kwa fani yake, akatuondoa kwenye foleni. Akauliza jambo limetokea lini. Akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. "Saa sitini na saba," akasema. "Zimebaki tano." Sikujua zimebaki tano za nini. Kisha akauliza: "Nani aliwaambia waanzie polisi?" Shangazi aliniangalia, nami nikaangalia sakafu.

Hizo saa tano, ndugu msikilizaji, zilikuwa zimebaki kufikia 72. Baada ya mtu kukutana na hatari ya virusi vya UKIMWI kwa njia kama hiyo, zipo dawa za kumkinga virusi visije vikajikita mwilini. Lakini sharti zianze kunywewa ndani ya saa 72, na ubora wake hupungua kadiri saa zinavyokwenda; saa chache za mwanzo ndizo bora kupita zote. Zikishaanzwa hunywewa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina saa zake: hadi siku 5, na kadiri ya mapema ndivyo vinavyofanya kazi zaidi. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna dawa za magonjwa ya zinaa, kuna sindano ya pepopunda kama pana jeraha. Katika hayo yote hakuna hata moja linalohitaji mhuri wa polisi ili lifanye kazi mwilini.

Basi jibu la barua ya Mbagala ni hili: hospitali kwanza. PF3 ni muhimu, wala sitaki mtu aseme redio imemwambia aidharau. Ndiyo karatasi inayofunga daraja kati ya tabibu na mahakama, hutolewa bure, na polisi wanaweza kuitwa waje nayo hospitalini au jamaa mmoja akaifuata wakati mgonjwa ameshapokewa. Kinachokatazwa na akili ya kawaida ni kumkalisha mtu kwenye benchi la kituo huku saa zake zikiyoyoma. Dharura ni dharura. Aliyegongwa na daladala hatuulizi kwanza nambari ya gari.

Sasa niingie kwa yule mkunga, maana ndiye hasa ninayetaka kumzungumzia. Alichokifanya jioni ile nilidhani ni wema wake tu. Miaka mingi baadaye, nikisoma kwa ajili ya kipindi, nikajua kwamba ni fani kamili, ina historia yake na mafunzo yake, na kwamba katika nchi nyingine muuguzi huajiriwa kwa kazi hiyo.

Marekani walianza pale tulipokuwa sisi. Mwanamke aliyebakwa alifika chumba cha dharura, akaketi saa nyingi nyuma ya waliovunjika miguu na waliopigwa risasi, kisha akachunguzwa na daktari kijana ambaye hakufundishwa kazi hiyo na ambaye hakutaka kabisa kuitwa mahakamani. Mwaka 1972 muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom waliweka kambi katika hospitali ya jiji la Boston, wakawa wanapigiwa simu usiku na mchana kila anapoletwa mtu aliyebakwa. Katika mwaka mmoja walizungumza na watu 146. Walichokiandika mwaka 1974 kiliwashangaza wengi wakati ule: kwamba wapo wanaofika wakilia na kutetemeka, na wapo wanaofika watulivu, wamenyamaza, hata wanatabasamu, na wote wawili wameumizwa sawasawa. Kwa muda mrefu polisi na mahakimu walimwamini anayelia. Yule mtulivu aliambiwa anaongopa.

Baada ya hapo wauguzi wakaanza kuishika kazi wenyewe: Memphis mwaka 1976, Minneapolis mwaka 1977. Mwaka 1992 wauguzi zaidi ya 70 walikutana Minneapolis wakaunda chama chao, na mwaka 1995 chama cha wauguzi wa nchi hiyo kikakubali kwamba uuguzi unaohusiana na sheria ni fani inayojitegemea. Anayeitaka kazi hiyo, akiwa tayari ni muuguzi kamili, hukaa darasani saa 40 na kisha hufanya mazoezi chini ya uangalizi. Akiwa zamu, hapewi wodi nzima. Ana mgonjwa mmoja tu.

Na lile sanduku. Wengi mmeliona kwenye sinema. Mwanamke wa Chicago, Martha Goddard, ndiye aliyelipigania katika miaka ya 1970, baada ya kugundua kwamba hospitali zilikuwa zikipeleka kwa polisi vioo vya maabara bila jina, vimefungwa pamoja hata vikagusana, na nguo zilizokatwa kwa mkasi mahali pasipofaa. Alitaka kila kitu kiwe ndani ya boksi moja: vijiti vya pamba, bahasha, kitana, fomu na maelezo ya hatua kwa hatua. Fedha za kuanzia alizipata kwa mfuko wa hisani wa jarida la Playboy. Nalisema hili kwa sababu linachekesha kwa uchungu, mlango uliofunguka ni ule usiotarajiwa. Mwaka 1978 hospitali 26 za Chicago na vitongoji vyake zilianza kulitumia, likiwa limepewa jina la askari mwanamume, Louis Vitullo.

Lakini sanduku halina miujiza. Mwaka 2009 katika mji wa Detroit yaligunduliwa masanduku zaidi ya 11,000 yamerundikwa katika ghala la polisi, hayajapelekwa maabara. Kila sanduku ni mtu aliyekubali kuchunguzwa mwili mzima akiamini kuna anayesubiri majibu.

Uchunguzi wenyewe unakwendaje? Nitaeleza, kwa sababu hofu ya kutojua ndiyo huwafukuza wengi mlangoni.

Kwanza ni ridhaa. Muuguzi aliyefundishwa vizuri hamgusi mtu kabla hajamweleza atamgusa wapi na kwa nini, na huuliza tena kila anapohamia sehemu nyingine. Mgonjwa anaweza kukubali dawa na kukataa uchunguzi. Anaweza kukubali uchunguzi wa mikono na kukataa wa sehemu za siri. Anaweza kusema basi, tuishie hapa. Mtu ambaye juzi alinyang'anywa neno "hapana" anarudishiwa. Yule mkunga wetu alimuuliza binti: "Unataka nani akae nawe humu ndani?" Binti akasema hataki mtu. Shangazi alichukia, nakumbuka alivyokunja kanga yake, lakini mkunga akafunga mlango.

Halafu ni maelezo. Hapa muuguzi huandika kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata yawe ya kitoto au ya lugha ya nyumbani. Huandika "anasema", haandiki "anadai". Huuliza nini kilitokea, saa ngapi, kama ameoga, kama amekunywa maji au amepiga mswaki, kama amebadili nguo. Haulizi kwa nini ulipita njia ile, kwa nini ulivaa vile, kwa nini hukupiga kelele. Maswali ya aina hiyo hayatibu jeraha wala hayaonyeshi mahali pa kupitisha kijiti cha pamba.

Kama mdomo ulihusika, sampuli ya mdomoni huchukuliwa kwanza ili mtu aweze kunywa maji. Nguo huvuliwa moja moja huku amesimama juu ya karatasi safi, na kila nguo huingia katika mfuko wake wa karatasi. Karatasi, nasisitiza. Nguo yenye unyevu ikifungwa ndani ya nailoni huvunda, na kilichokuwa ushahidi huoza. Zamani, kabla mifuko ya rambo haijapigwa marufuku mwaka 2019, ndivyo tulivyokuwa tukizibeba kwenda kituoni, tukidhani tumefanya la maana. Kisha mwili hutazamwa kuanzia kichwani kwenda chini: ngozi ya kichwa, nyuma ya masikio, shingo, viganja, chini ya kucha. Michubuko hupimwa kwa rula na kuchorwa kwenye picha ya mwili iliyochapwa katika fomu. Sehemu za siri huwa mwisho, na mara nyingi huchukua muda mfupi kuliko mtu anavyohofia. Sampuli za uke huweza kubeba vinasaba vya mkosaji kwa siku kadhaa, kiasi cha siku 5. Mate juu ya ngozi hupotea mapema zaidi.

Kila kijiti hukaushwa hewani, huingia bahasha yake, huandikwa jina, tarehe, saa na sehemu kilikotoka, hufungwa, na muuguzi husaini juu ya gundi ili ikifunguliwa ijulikane. Kuanzia hapo hakuna kukiacha mezani na kwenda kunywa chai. Kinakwenda kabatini kwenye kufuli, na anayekichukua husaini, na anayempokea naye husaini, mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wanasheria huuita mnyororo wa vielelezo. Pete moja ikikatika, wakili wa mshtakiwa ana haki kabisa ya kuuliza: bahasha hii Jumatano usiku ilikuwa kwa nani? Naye asiye na jibu, kesi yake imelegea.

Hapa nifungue mabano kuhusu jambo linalopotoshwa sana mitaani, na pengine hata katika vyumba vya matibabu. Watu hudhani daktari anaweza kutazama na kusema huyu kabakwa, huyu hakubakwa. Hawezi. Wengi waliobakwa hawana jeraha lolote sehemu za siri, na jeraha dogo la sehemu hizo hupona upesi mno. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa wajawazito, yaani hapakuwa na ubishi kwamba wameingiliwa. Ni wawili tu walioonekana na alama ya uhakika. Basi "hakuna jeraha" haina maana ya "hakuna kilichotokea". Na kile kinachoitwa kupima bikira hakipimi chochote; mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe kabisa. Muuguzi mzuri huandika alichokiona na kunyamaza juu ya asichokiona. Kama ni ubakaji au si ubakaji, hilo ni swali la hakimu.

Na sheria yetu, nashukuru, inalijua hilo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ile iliyoleta kifungo kisichopungua miaka 30, inasema kwamba kuingiliwa hata kidogo tu kunatosha, na kwamba majeraha ya kuonyesha mtu alipambana si lazima ili kuthibitisha hakuridhia. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Baadaye mahakama hiyo hiyo ikaonya kwamba maneno yake nayo si msahafu, lazima yapimwe kama ya shahidi mwingine yeyote. Yote mawili ni sawa. Mshtakiwa naye ni mtu, na miaka 30 si mchezo. Ndiyo maana nataka uchunguzi ufanywe na mtu aliyefundishwa: karatasi iliyojazwa vizuri humlinda aliyeumizwa, na humlinda pia aliyesingiziwa.

Tatizo letu kubwa mahakamani limekuwa mikono ambayo karatasi hiyo inapitia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka tabibu aliyeandika PF3 aitwe ahojiwe, na mahakama inapaswa kumwambia haki hiyo. Mara ngapi PF3 imeondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa, au kwa sababu fomu ilipokewa bila kusomwa kwa sauti! Anayesoma hukumu za rufani ataona jambo hili limejirudia mno. Aliyeteseka kwenye kitanda cha uchunguzi hana kosa hata moja katika hayo.

Kesi ya binti wa mtaani kwetu haikufika hata huko. Mtu alikamatwa. Mwili ulikuwa umeogeshwa, nguo zilikuwa zimefuliwa, na tabibu aliyejaza fomu alihamishiwa mkoa mwingine. Kesi ikapigwa kalenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Binti akarudi kwao. Shahidi hakuonekana, shauri likaondolewa. Yule mkunga, aliyemwona kwanza, aliyekaa naye saa mbili, aliyeandika katika daftari lake kila alichokiona, hakuna aliyemwita. Fomu ilisainiwa na mwingine, naye hakuwa na nafasi ndani yake. Hapo ndipo ninaposema wenzetu wametuzidi: wao wamemfundisha muuguzi, wamempa kalamu, kisha wakampandisha kizimbani kama shahidi mtaalamu.

Hata hivyo siyo kwamba tumelala. Mwaka 2011 Zanzibar ilifungua kituo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ambako tabibu, polisi, mshauri nasaha na ustawi wa jamii wanakaa pamoja, na mwaka 2013 Dar es Salaam ikapata chake katika Hospitali ya Amana. Watu wameviita vituo vya mkono kwa mkono, jina zuri kuliko yote niliyowahi kusikia likipewa ofisi. Mtu anasimulia mkasa wake mara moja, hausimulii mara tano kwa watu watano. Jirani zetu Rwanda walianza na Isange, kwenye hospitali ya polisi ya Kacyiru, mwaka 2009. Nairobi, kituo cha manusura katika Nairobi Women's Hospital kilianza mwaka 2001, na Kenya ikatunga sheria yake ya makosa ya kujamiiana mwaka 2006. Afrika Kusini wana vituo vya Thuthuzela tangu mwaka 2000. Na kule Bukavu, Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, imewahudumia wanawake kwa maelfu. Yeye husifiwa kwa upasuaji, na anastahili, lakini mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji ni muuguzi anayebaki naye usiku.

Kituo kikubwa cha mjini hakimfikii mtu wa Msongola saa nane za usiku. Huko yupo muuguzi mmoja wa zamu, ana wajawazito wawili wanaosubiri kujifungua, na kabati lenye kufuli pengine ni la chanjo. Simlaumu. Ninachouliza ni kama alifundishwa, kama ana bahasha za karatasi, na kama dawa za saa 72 zinakaa pale pale alipo au zimefungiwa katika chumba ambacho mwenye ufunguo amekwenda kulala. Bahasha za kaki haziwezi kuishinda serikali.

Kabla sijasahau, wapo wanaume na wavulana. Nao hubakwa, sheria inaita kulawiti, na aibu yao huwafungia ndani kuliko wanawake. Dawa zao ni zile zile ukiondoa za mimba, saa zao ni zile zile, na muuguzi wao ni yule yule. Kwa mtoto wa jinsia yoyote, simu ya bure namba 116 hupokewa na watu waliofundishwa kuzungumza na watoto.

Na kwa waliokwisha kuoga. Najua wapo wanaonisikiliza sasa hivi wakijisemea: basi, nimeshaharibu. Hapana. Kutooga ni bora, kutofua ni bora, nguo ziwekwe kwenye karatasi au zikunjwe ndani ya shuka safi. Lakini aliyeoga aende vilevile. Maji hayafuti kila kitu, na dawa hazijali kama umeoga. Hata zikiwa zimepita siku 5, hata mwezi, bado kuna vipimo, kuna mimba ya kuangaliwa, kuna usingizi ambao haurudi wenyewe.

Mwaka huu nilikutana na yule mkunga, amestaafu, anafuga kuku wa mayai. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamkumbusha Jumanne ile. Alimkumbuka binti kabla hajanikumbuka mimi. Aliuliza vipimo vyake vya mwisho vilikuwaje, nami nikamweleza kwamba shangazi aliniambia vilitoka safi, vyote, na kwamba binti sasa ana watoto wawili. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama bado nawaambia watu waanzie polisi.

Barua ya msikilizaji wa Tandika kuhusu wenye nyumba wanaodai kodi ya mwaka mzima nimeipokea. Nitaijibu wiki ijayo, panapo majaliwa.